Sinia la Ndege na Chuya za Mpunga

Sifa zote ni zake yeye aliyeliumba ziwa na mawe yanayolizunguka, akampa kila ndege mdomo unaolingana na punje yake. Ninamshukuru kwa pumzi ya asubuhi hii, kwa macho ambayo bado yanasoma herufi nikiisogeza karatasi dirishani, na kwa kumbukumbu alizoniachia. Anisaidie niseme yaliyokuwa, nisitie chumvi wala nisipunguze.

Tulikuwa tukiishi Nyakato, mimi na mke wangu, katika nyumba ya vyumba vitatu iliyoegemezwa kwenye mwamba. Watoto walikuwa wameshaoa na kuolewa, wakatawanyika. Miaka hiyo ya tisini mambo yalikuwa yamefunguliwa. Biashara zilizokuwa za serikali na vyama vya ushirika ziliachiwa kila mtu, na kiwanda cha nguo nilikokuwa mtunza ghala kilipunguza wafanyakazi, nami nikawa mmoja wao. Sikulalamika sana. Miaka mingi nilikuwa nikifanya kazi ghalani siku za juma na kufundisha dini kigangoni Jumapili, nikafikiri sasa nitapata muda wa kufundisha vizuri zaidi.

Inanibidi niseme mapema kwamba sisi ni watu wa Kagera, kwa sababu makosa yangu yote yalianzia hapo. Mtu wa kwetu hukua katikati ya migomba, na mgomba haupandwi kwa mbegu. Unachimbua chipukizi kwenye shina la mama yake, unalifukia mahali pengine, basi, umepanda. Maharage na mahindi yalipandwa na mama zetu chini ya migomba, na sisi wanaume hatukuinama kutazama. Nilipita umri wa miaka sitini nikiwa sijawahi kuweka punje ardhini kwa mkono wangu.

Kiangazi kimoja mke wangu alianguka jikoni. Kiharusi. Alilazwa, akarudi nyumbani akiwa hai, Mungu asifiwe, lakini mkono wa kulia ulikuwa umekufa na ulimi umefungwa. Hospitalini walinipa mpira mdogo laini, wakasema aubane kila siku, mkono usipopewa kazi utasahau kazi. Nilimwekea ule mpira kiganjani asubuhi na jioni. Aliuacha udondoke. Nikauokota, nikamrudishia, akauacha tena. Alikuwa mwanamke aliyepikia harambee za kanisa kwa masufuria makubwa, na sasa alipewa mchezo wa mtoto. Nadhani ilimuumiza kuliko ugonjwa.

Nilisogeza kitanda chake karibu na dirisha la nyuma ili apate upepo. Nje kulikuwa na uwanja mdogo wa udongo, kamba ya kuanikia nguo, na nyuma ya ua wa mabanzi kulikuwa na matuta ya mchicha ya jirani yetu. Siku moja, karibu miezi miwili tangu aanguke, nilikuwa nimemwaga maji yaliyobaki baada ya kuosha vyombo. Shomoro mmoja akashuka kuokota punje za wali. Mke wangu akamtazama, midomo ikahangaika, kisha akasema kwa lugha ya kwetu neno moja tu: ndege. Nilikaa chini ukingoni mwa kitanda. Niliogopa kusema kitu nisije nikalitisha hilo neno likarudi lilikotoka.

Kuanzia hapo nilijua ninachotakiwa kufanya. Kama ndege wanaleta maneno, basi nitaleta ndege.

Nilichukua sinia la bati lenye maua mekundu, lililokuwa zawadi ya harusi yetu, limebanduka rangi pembeni. Nilisimika nguzo mbele ya dirisha, usawa wa macho ya mtu aliyelala, nikalikalisha sinia juu yake. Kwa kuwa mimi ni mtu wa ndizi, nilianza na ndizi. Nilikwenda Kirumba, kule Mwaloni ambako maboti yalishusha mikungu, nikachagua iliyoiva vizuri, nikaimenya. Walikuja nzi. Siku ya pili walikuja nzi na kunguru watatu, na kunguru waliondoka na maganda na kijiko.

Nikaona ndege wadogo wanataka mbegu. Nikaenda mjini kwenye duka moja la pembejeo, katika yale maduka mapya yaliyochipuka kila mtaa baada ya biashara kuachiwa. Muuzaji alikuwa kijana mwenye haraka.

"Mbegu ya nini, mzee?"

"Ya mtama."

"Heka ngapi?"

Sikutaka kumweleza habari za ndege mbele ya watu. "Kidogo tu," nikasema.

Akachota kwenye gunia lililo wazi, akanifungia kwenye gazeti. Nilipofungua nyumbani nilifurahi. Punje zilikuwa safi, zinalingana, na zina rangi ya waridi inayong'aa. Miaka ile kila kitu kipya kilikuja na rangi: sabuni, ndoo, mitumba, pipi. Nikasema moyoni, hata mtama wa siku hizi unapendeza. Nikautandaza kwenye sinia la maua, rangi zikapatana.

Jirani yetu alikuwa akimwagilia mchicha. Alikuwa mjane wa Kisukuma, rika langu, mrefu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Alichungulia juu ya mabanzi.

"Katekista, unafanya nini?"

"Ninawapa ndege chakula. Mgonjwa anapenda kuwaona."

Aliangalia sinia. Halafu akaruka ua, na umri ule, akashika sinia kwa mikono miwili na kulipindua lote kwenye kanga yake.

"Mama, vipi tena?"

"Hii ni ya kupanda, ina dawa ya wadudu. Hiyo rangi ndiyo dawa. Mtu anaona rangi anajua asile. Ndege atajuaje?" Alifunga fundo la kanga. "Ungemwamsha mkeo kesho aone ndege wamelala chali chini ya dirisha. Ninyi watu wa migomba, nani aliwaruhusu kushika mbegu?"

Alinitaka ninawe kwa sabuni, akanichimbisha shimo refu nyuma ya mwamba, tukazifukia. Alinisindikiza kwa maneno mpaka mlangoni: hakuna siku mtu mwenye akili amealika ndege nyumbani. Yeye utoto wake wote aliumaliza juu ya dungu katika shamba la uwele la baba yake, akipiga debe na kurusha mawe kwa teo kuanzia alfajiri hadi jua lizame, sauti ikakauka, kwa ajili ya kuwafukuza hao hao. "Na sasa nimehamia mjini," akasema, "jirani yangu anawawekea meza."

Lakini kesho yake yeye ndiye aliyenionyesha sokoni mtama wa kula, mweupe, usiopakwa rangi na mtu. Huo ndio niliouweka.

Walikuja. Kwanza shomoro, kisha chiriku, kisha tetere wawili waliotembea kama masista wakienda kanisani, na mwishowe kwera wa manjano, kundi zima, wenye kelele. Mke wangu alisema ndege. Baada ya juma akasema njano. Jumapili moja, nikiwa nimerudi kutoka kigangoni, akasema, "Umechelewa." Nilimwomba alirudie hilo neno, nikalisikiliza kama wimbo.

Kwera ni ndege wenye fujo. Kwa kila punje anayokula hutupa nne. Anachambua, anachagua, anapiga teke. Nilifikiri zilizodondoka zimepotea tu, na tetere walisafisha kiasi. Sikujua kwamba kuna kitu kinazisubiri.

Mvua za vuli zilipoanza, nilisahau sinia juu ya nguzo usiku wa dhoruba. Asubuhi lilikuwa limejaa maji. Niliyamwaga maji nikaacha mtama humo humo, nikidhani jua litaukausha. Siku ya tatu kila punje ilikuwa imetoa mkia mweupe. Nilimwita jirani aone.

"Umeoza?" nikamuuliza.

Alicheka mpaka akashika ua. "Umetengeneza kimea, Katekista. Wenzako tunaloweka kwenye gunia na kulifunika na kulichungulia kama yai, wewe umepata kwa bahati mbaya." Akauchukua ule mtama, akauanika juu ya mwamba, akausaga, na siku chache baadaye akaleta togwa kwenye kibuyu. Mke wangu aliinywa, akarudisha kikombe, akakishika tena. Alitaka ya pili.

Kwa hiyo nisingeweza kusema kuwa sikuonywa. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu mtama unafanya nini ukipata maji. Lakini sikuunganisha. Chini ya nguzo majani mabichi yakatokea, mengi, yamebanana. Baada ya juma yalikuwa kifundoni, kisha gotini. Yaliota kwenye nyufa za mwamba, yakaota kwenye mfereji wa maji ya mvua, mche mmoja ukaota ndani ya kiatu changu cha zamani kilichokuwa nje. Mtu mwingine angeng'oa. Mimi nilisimama kuyatazama kama Adamu. Sikuwa nimewahi kuotesha kitu. Nilimwambia mke wangu kuwa ni baraka, naye akatikisa kichwa kwa namna ambayo sikuielewa. Yeye alikuwa amepanda maharage maisha yake yote, alijua.

Wa kwanza kukasirika alikuwa jirani. Mtama ulikuwa umeingia kwenye matuta yake. Kila alfajiri alipochuma mchicha wa kupeleka sokoni, ilimbidi atenge jani la mtama kwa jani la mchicha, maana wateja walianza kumuuliza kama amewauzia majani ya ng'ombe.

"Mimi sikukuchokoza," akaniambia, safari hii bila kucheka. "Ning'olee majirani zako hawa."

Nilimng'olea. Nilipiga magoti kwenye matuta yake siku mbili. Lakini mvua iliendelea, na kwera waliendelea kupiga teke, na kilichong'olewa Jumatatu kiliota Alhamisi.

Baada ya Krismasi alikuja bwana afya wa kata, mtu mpole mwenye daftari na viatu vilivyong'arishwa, anayezunguka kuangalia vyoo na madimbwi. Alinisalimia shikamoo kwa heshima. Kisha akaona mtama, wakati huo umefika kiunoni.

"Mzee wangu, mazao marefu karibu na nyumba hayaruhusiwi mjini. Mbu, nyoka, na vibaka wanajificha. Na hii sahani juu ya mti ni ya nini?"

Nilimweleza. Alisikiliza. Alichungulia dirishani, akamwona mgonjwa, akavua kofia. Lakini alikuwa ameona pia vinyesi vya panya pembeni ya mwamba, na alinionyesha kwa ncha ya kalamu.

"Punje zikidondoka zinaleta panya. Wewe ni mtu wa dini, sitaki kukuandikia faini. Ng'oa mtama huu wote. Nitarudi baada ya majuma mawili. Nikikuta chini ya hiyo sahani mche hata mmoja umeota, au punje zimezagaa, sahani itaondoka na nguzo yake, na haitarudi. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," nikasema.

Mke wangu alisikia yote. Dirisha lilikuwa wazi.

Niling'oa mtama wote siku hiyo hiyo. Ili nisiongeze mbegu nyingine ardhini, niliacha kuweka chakula. Niliona ni busara. Ndege walikuja asubuhi, wakakanyaga bati tupu, wakaniangalia. Siku ya pili walikuja wachache. Siku ya nne hakuja hata mmoja, na mke wangu akageuza uso kuelekea ukutani.

Hakusema kitu. Maneno aliyokuwa nayo, labda thelathini, aliyafunga. Uji niliomletea uliganda utando juu. Niliposali Malaika wa Bwana saa sita, hakuitikia hata kwa macho, na hilo halikuwahi kutokea tangu tuoane. Ninakiri hapa kwamba nilikaa jikoni nikamuuliza Mungu kwa nini alimfungulia mdomo ili aufunge tena kwa ajili ya nyasi. Halikuwa swali zuri. Alinivumilia.

Jirani alikuja siku ya sita kuleta mchicha. Alifikiri atakuta nimefurahi kwamba matuta yake yamebaki safi. Alisimama mlangoni mwa chumba akamtazama mwenzake aliyegeukia ukuta, akatazama dirisha, akatazama sinia tupu.

"Tangu lini?"

"Tangu ndege waondoke."

Alikaa kwenye kigoda, akatoa pumzi ndefu. "Basi dungu lote lile nililokaa," akasema, kama anajisemea mwenyewe, "kumbe kuna mtu angelia wasipokuja." Halafu akanigeukia. "Katekista, punje nzima ina roho. Ukiiangusha popote itatafuta kuishi. Iliyovunjika haina. Wape iliyovunjika."

"Nani ataivunja moja moja?"

"Mashine. Unakula wali kila Jumapili hujui chenga ni nini?"

Alinipeleka mwenyewe kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Miaka ile mashine zilikuwa zimeongezeka Nyakato. Mtu yeyote mwenye nafasi na moyo wa kuvumilia moshi alifunga yake. Mpunga ulitoka pande zote, mwingine ulivuka ziwa kwa kivuko cha Kigongo ukitokea Sengerema. Mwenye mashine alituonyesha rundo la chenga, vile vipande vidogo vya mchele ambavyo watu huchukua kulishia kuku au kupikia uji. Nilijaza mfuko. Nilitaka kwenda moja kwa moja kuwawekea ndege, lakini jirani alinishika mkono.

"Umeshasahau sinia lilivyojaa maji? Kwanza tujaribu. Siku zako zilizobaki si nyingi."

Aliloweka konzi moja, akaifunga kwenye kipande cha gunia kama anavyofanya kimea, akaiweka jikoni kwangu. Siku ya tatu tulifungua. Chenga zilikuwa zimelainika na kunuka kidogo, hazikuota. Lakini katikati yake kulikuwa na mikia myeupe sita, midogo, imenyooka.

"Chuya," akasema.

Kila aliyewahi kula wali anazijua: punje za mpunga ambazo mashine imezikosa, zimebaki na ganda lake, unazikuta ulimini ukitafuna. Katika chenga za kuku hakuna anayehangaika kuzitoa. Na chuya ni mbegu nzima, na roho yake.

Nilikokotoa siku kichwani. Zilikuwa zimebaki tano. Macho yangu hayakuona chuya hata nikivaa miwani. Nilikuwa mtu wa marobota ya vitambaa. Jirani alikuwa na mchicha wake. Alinitazama, kisha akaenda moja kwa moja chumbani kwa mke wangu na ungo mkononi. Sikumtuma, na sidhani kama ningethubutu.

"Mayu," akamwita, kama wanavyowaita mama zao, "geuka huku. Mumeo ameshindwa kuchagua mchele."

Hakugeuka.

"Ameniambia kule kwenu wanawake mnajua ndizi tu. Kwamba wali ukiletwa mezani mnakula na mawe."

Sikusema hivyo. Mungu anajua sikusema. Lakini mke wangu aligeuza kichwa, akanitafuta kwa macho, na katika macho hayo niliona yule mpishi wa masufuria makubwa. Tulimkalisha, mito miwili mgongoni. Jirani akaweka ungo mapajani pake, akamwaga chenga, akazitandaza. Mke wangu aliangalia muda mfupi, akanyoosha mkono wa kushoto, akatoa chuya ya kwanza. Akaitazama. Akaniwekea kiganjani mwangu bila neno, kama mtu anayekabidhi ushahidi mahakamani.

Alifanya kazi mpaka ungo ukaisha. Siku ya pili jirani aliukamata mkono wa kushoto, akaushikilia.

"Huu umekula jana. Na ule mwingine nao leo ule kwa jasho lake."

Mke wangu alikasirika. Alivuta, jirani akashikilia. Walitazamana kama mbuzi wawili kwenye daraja. Kisha polepole sana mkono wa kulia ulipanda juu ya ukingo wa ungo, ukaangukia kwenye chenga kifudifudi, ukabaki hapo. Kidole cha shahada kikajikokota. Kilisukuma chuya moja kutoka katikati ya ungo mpaka pembeni. Haikuokotwa, ilisukumwa tu, na ilichukua muda wa kusali Salamu Maria tatu. Najua, kwa sababu nilizisali. Lakini mpira laini ulikuwa umeomba kwa miezi minne bila kupata hata hicho.

Tulijaribu tena konzi kwenye gunia, kutoka zile alizochagua. Siku ya tatu tulifungua watu watatu pamoja, mgonjwa akiwa ameegemea mito. Hakuna mkia hata mmoja. Nilitoboa sinia matundu manne kwa msumari ili maji ya mvua yapite, nikaweka chini yake gunia la zamani ili kupokea zinazodondoka, nilikung'ute kila jioni panya wasipate kitu. Nikaweka chenga. Shomoro alikuja kabla sijafika mlangoni.

Bwana afya alirudi siku aliyosema. Alisalimia, akaenda kwenye nguzo, akainua gunia, akachuchumaa. Alipapasa udongo kwa vidole. Nilisimama nyuma yake. Jirani alikuwa ameegemea mabanzi, dumu la maji mkononi, hamwagilii chochote. Dirishani, uso wa mke wangu.

"Mzee," akasema bwana afya bila kugeuka, "na huu?"

Nilisogea. Palikuwa na mche. Mmoja, wa kijani, majani mawili, urefu wa ukucha, umesimama kwenye udongo pembeni ya nguzo kana kwamba umealikwa. Nilifikiria ungo, kidole, mikia myeupe. Nilikuwa mtu mzima niliyefundisha watu ukweli maisha yangu yote, na nilijua nilichoahidi. "Ni mche," nikasema. "Tumeelewana ulivyosema."

"Ngoja," jirani akasema. Aliacha dumu, akazunguka ua, safari hii kwa mlango kama watu, akainama karibu na bwana afya mpaka paji la uso likakaribia udongo. Akaushika ule mche kwa vidole viwili, akaugeuza. Chini ya majani palikuwa pekundu.

"Wewe umesoma," akamwambia. "Mtama una jani pana namna hii? Huu ni mchicha. Ni wangu. Umenikimbia, umekuja kujifunza dini kwa Katekista."

Bwana afya aliutazama. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikatambua anacheka. "Mchicha si zao refu," akasema. Akasimama, akapangusa magoti, akafunga daftari bila kuandika. Akaja dirishani. "Shikamoo, mama. Unaendeleaje?"

"Marahaba," mke wangu akasema, wazi kabisa. Kisha akaangalia viatu vyake vilivyong'arishwa, vilivyochafuka udongo. "Karibu chai."

Alikunywa. Mkono wa kulia wa mke wangu ulikuwa juu ya ungo muda wote ule, ukisukuma.

Ilichukua mwaka na zaidi kabla vidole viwili havijaweza kubana chuya na kuiinua. Pasaka ya mwaka uliofuata mke wangu alikwenda kanisani kwa fimbo, jirani upande mmoja na mimi mwingine, na ingawa jirani yetu si wa dini yetu, alikaa mpaka mwisho na kunikosoa mahubiri njiani. Chuya tulizokusanya alizichukua jirani. Alizipanda kwa wakwe zake wa bondeni Magu, zikaota. Alisema hakuna punje yenye roho inayostahili kutupwa, ila ipelekwe inakotakiwa.

Mungu alituongezea miaka mingi kabla ya kumwita mke wangu. Sasa ninachagua peke yangu, kwenye ungo ule ule, kwa miwani mizito. Nakosea. Mara moja moja naona jani limechomoza chini ya nguzo, nami naliacha lifike kifundoni kabla sijaling'oa. Jirani anachungulia juu ya ua, mzee kama mimi, anasema, "Katekista, umeanza tena." Nami nasema ndiyo.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akubariki kitandani na shambani. Kilichovunjika kwako kikamlishe mwingine. Kilicho kizima kiote mahali pake, kwa wakati wake. Asikose kukutumia jirani mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa kuliko sauti, na kila asubuhi dirishani kwako pawe na kitu kimoja cha kukufanya ugeuze uso kutoka ukutani. Amina.